Mwamuzi Atoke Miongoni Mwetu

Tulitazame kwanza neno lenyewe. Mwamuzi hutokana na kitenzi kuamua, chenye maana ya kukata shauri na pia kuwatenganisha wanaogombana. Anayesimama katikati ya uwanja na kipyenga mkononi hufanya yote mawili. Asipokuwapo, neno la mwisho huwa la mwenye sauti kubwa, na mchezo uliokusudiwa kuwaunganisha vijana huishia katika matusi.

Hapa Kimisagara, wilayani Nyarugenge, soka si burudani tu. Tunacho kituo cha Football for Hope, kimojawapo cha vituo 20 vilivyokusudiwa kujengwa barani Afrika kama kumbukumbu ya Kombe la Dunia la 2010, ili mpira utumike kuwalea vijana. Programu za namna hiyo hutumia mchezo wa vipindi vitatu: timu hukubaliana kanuni, hucheza bila mwamuzi, kisha huketi kujadili mwenendo wao wakiongozwa na msuluhishi.

Huenda ukauliza: ikiwa vijana waweza kucheza bila mwamuzi, ya nini kumtafuta? Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, mchezo huo ni darasa. Panapogombewa kikombe, na bao la dakika ya mwisho likadhaniwa kuwa la kuotea, anahitajika mtu asiye wa upande wowote, azijuaye vyema sheria 17 za soka. Kwa maoni yangu, msuluhishi yule ndiye wa kuanza naye. Amekwisha kujifunza kusikiliza pande mbili bila kupendelea. Kilichobaki ni kufundishwa sheria na kujenga pumzi ya kukimbia.

Wasichana nao waitwe. Tarehe 18 Januari 2022, Mnyarwanda Salima Mukansanga alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanaume, Zimbabwe ilipocheza na Guinea mjini Yaoundé. Mwaka huohuo aliteuliwa miongoni mwa waamuzi wa Kombe la Dunia nchini Qatar. Basi asiambiwe msichana yeyote wa mtaani kwetu kwamba kipyenga si chake.

Lakini kuwaita hakutoshi. Mwamuzi chipukizi atakosea, kama mshambuliaji akosavyo penalti. Akitukanwa kila Jumamosi, hatarudi. Kwa hiyo waandaaji wa mashindano wampe mafunzo, nauli na mwamuzi mzoefu wa kumwongoza. Makocha nao wawazuie mashabiki wao wasimtukane.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni rahisi zaidi kukubali kushindwa pale unapoamini kwamba umehukumiwa kwa haki. Nawe, mwanafunzi, timu zitakapokosa mwamuzi, usingoje mgeni: jifunze sheria, ukajitolee.