Reli ya Musongati na Fundisho la Tabora

Mwezi Agosti 2025, Tanzania na Burundi zilizindua huko Musongati ujenzi wa reli ya kisasa itakayofika Uvinza na kuungana na njia ipitayo Tabora kwenda bandari ya Dar es Salaam. Tunaipongeza hatua hiyo. Burundi, nchi ndogo ya wafugaji na wakulima isiyo na pwani, ina nikeli nyingi ardhini, lakini umbali wa bahari umeifanya mali hiyo ikae bure.

Hata hivyo, Tabora ina fundisho. Katika karne ya 19, misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilikutana hapa. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani. Watumwa walipitishwa njia hiyo hiyo. Zilizorudi ni nguo, shanga na bunduki. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo, alipopigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, aliifunga njia ya Ujiji, na biashara ikayumba. Mwenye njia ana nguvu.

Leo mwenye njia ni Tanzania. Nguvu hiyo isitumiwe kumkamua jirani kwa ushuru. Wala sisi wenyewe tusiridhike na kupitisha mawe, kwani Kabanga, wilayani Ngara, nako kuna nikeli. Hatuna budi kushirikiana na ndugu zetu wa Burundi ili madini hayo yasafishwe Afrika Mashariki, na vijana wa pande zote mbili wapate kazi. Vinginevyo tutakuwa tumebadilisha mpagazi tu, biashara ikiwa ile ile.