Majembe Manne, Mkulima Mmoja

Desemba iliyopita, nikiwa likizoni nyumbani Sepuka, wilayani Ikungi, mwalimu mmoja wa sekondari niliyekua naye alinijia na kompyuta yake kuukuu. Alikuwa na picha 640 za mitihani ya miaka iliyopita, alizozipiga kwa simu, akitaka kuzipunguza uzito ili wanafunzi watumiwe bila kumaliza vifurushi vya wazazi wao. Alikuwa akifungua picha moja, anaipunguza, anaihifadhi, kisha anafungua nyingine. Kwa dakika moja kila picha, hiyo ni kazi ya zaidi ya saa 10.

"Dokta," akaniambia, "shida yetu huku vijijini ni vifaa."

Nilimkatalia, na leo nawakatalia wote wanaojificha nyuma ya kauli hiyo. Kompyuta ile ilikuwa na viini vinne vya uchakataji. Kilichokosekana ni mtu wa kuiamuru.

Nilifungua terminali, nikaanza na jambo ambalo wasomi wenzangu hulibeza kuwa ni pambo tu: maneno yanayotangulia pale mashine inapongoja amri. Katika faili la .bashrc nikaandika:

PS1='Sepuka \w, amuru: '

Mwalimu akacheka kuona mashine ikimngoja kwa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitupatia Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa lugha yetu. Kisha tukarudi kuamini kwamba kompyuta hupokelewa kama ilivyoletwa. Aliyebadili mstari huo mmoja ameshajua kwamba mashine si msahafu.

Hata hivyo, nawalaumu vijana wanaoishia kwenye rangi za mstari huo na kujiita mabingwa. Amri ni kazi. Tukaandaa folda iitwayo "ndogo", tukaandika kitanzi:

for p in *.jpg; do jpegoptim -m50 -d ndogo "$p"; done

Kazi yote ikaisha kwa dakika 21, nasi tukinywa chai. Lakini kiini kimoja ndicho kilichotoka jasho. Ilikuwa kama familia yenye majembe manne katika shamba la alizeti, mmoja analima na watatu wamekaa chini ya mti.

Tukafuta, tukaanza upya. Nikaweka alama ya & mahali pa nukta mkato iliyo kabla ya done, na mwishoni neno wait, ili picha zishughulikiwe sambamba. Nilikosea: kazi 640 zikagombea viini vinne kwa mpigo, mashine ikaelemewa. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Busara ni kuruhusu kazi nne tu kwa wakati mmoja:

ls *.jpg | xargs -P 4 -n 1 jpegoptim -m50 -d ndogo

Dakika 6.

Wapo watakaosema kwamba haya ni masalia ya zamani, na kwamba mtoto wa kijijini atosheke na kubofya. Ni kweli Bash iliandikwa na Brian Fox mwaka 1989. Lakini ni ya bure, na hukubali kufanya kazi katika mashine ambayo wengine wameshaitupa. Mwenye kompyuta ya mamilioni anaweza kumudu viini vinavyolala. Sepuka haiwezi. Kumnyima maskini maarifa haya kwa kisingizio cha umaskini wake ni kumfukarisha mara mbili.

Usambamba nao una mpaka. Gene Amdahl alionyesha mwaka 1967 kwamba ikiwa sehemu ya kumi ya kazi lazima ifuate foleni, hata viini elfu haviwezi kuiharakisha kupita mara 10. Yeyote aliyewahi kungoja faili lililokwama kwa saini ya mtu mmoja anaielewa kanuni hiyo bila hesabu.

Nami sijitoi lawamani. Kwa miaka mingi nimewapitisha wahitimu wanaojua kutaja sehemu za kompyuta na wasiojua kuiamuru kurudia jambo mara mbili. Tusiombe vifaa vipya kabla hatujaviamsha vilivyolala. Muhula ujao mtihani wangu wa kwanza utakuwa mstari wa amri, na atakayeuliza kwa nini nitampeleka Sepuka.