Utamu wa Santuri Hauhalalishi Kuvunja Azimio

Kila inapotajwa santuri ya Graceland ya mwanamuziki wa Kimarekani, Paul Simon, hoja moja haikosi kurudiwa: muziki ni mtamu, wapigaji walilipwa vizuri, dunia nzima iliburudika, basi kelele zote zile zilikuwa za nini? Hoja hiyo haifai kuachwa ipite bila ya kujibiwa. Ndani yake mna sumu iwezayo kuua silaha ya mnyonge yeyote, popote alipo.

Kwanza ukweli uwekwe wazi. Mnamo Desemba 1980, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuitaka dunia ikate uhusiano wa utamaduni, elimu na michezo na utawala wa makaburu wa Afrika Kusini. Waandishi, wanamuziki na wasanii wengine waliombwa waisusie nchi hiyo. Februari 1985, Simon pamoja na fundi mitambo wake, Roy Halee, alikwenda Johannesburg kurekodi na wanamuziki wa Kiafrika, miongoni mwao mpiga gitaa Ray Phiri wa kikundi cha Stimela. Baadaye, mjini London, waimbaji wa Ladysmith Black Mambazo wakiongozwa na Joseph Shabalala nao walitia sauti zao. Santuri ilitolewa Agosti 1986, miezi miwili tu baada ya makaburu kutangaza hali ya hatari nchi nzima.

Kabla ya safari hiyo, mwimbaji Harry Belafonte alikuwa amemshauri Simon awaone kwanza wapigania uhuru wa ANC. Simon hakufanya hivyo. Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wote.

Watetezi wake husema hakwenda kuwatumbuiza wabaguzi. Tena alikuwa amekwisha kataa kupiga muziki Sun City. Hilo ni kweli, na anastahili sifa kwalo. Lakini azimio halikuhusu majukwaa ya Sun City peke yake. Tena katika santuri hiyo hiyo imo sauti ya Linda Ronstadt, aliyekuwa ameimba Sun City mwaka 1983. Mtu aliyeukataa mlango wa mbele hakuona taabu kumkaribisha aliyekwisha kuupita.

Husemwa pia kwamba wanamuziki walilipwa mara tatu ya kima cha chama cha wanamuziki wa New York, na kwamba baadhi yao waliandikwa kuwa watunzi pamoja naye. Hilo nalo ni jema, na hakuna wa kuwalaumu wanamuziki hao kwa kutafuta riziki yao chini ya utawala wa dhuluma. Lakini ujira ni malipo ya kazi. Haujapata kuwa kibali. Ingekuwa kulipa vizuri kunatosha, kila kampuni ya kibeberu iliyochimba dhahabu Afrika Kusini ingeongeza mishahara kidogo na kudai msamaha.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: kwamba santuri hiyo iliupeleka muziki wa Waafrika mbele ya dunia, na kwamba Miriam Makeba na Hugh Masekela, wote wakiwa uhamishoni, walipanda jukwaani pamoja na Simon mjini Harare mwaka 1987. Ni kweli kwamba kususia bila ya kuchagua kuliwaziba midomo pia wasanii waliokuwa wakionewa. Kasoro hiyo ilikuwapo. Lakini ni nani aliyekuwa na haki ya kuirekebisha? Mwaka huo huo wa 1987, Rais wa ANC, Oliver Tambo, alieleza kwamba utamaduni wa wananchi wanaopinga ubaguzi usitiwe katika kapu moja na utamaduni wa makaburu. Wenye mapambano walikaa, wakapima, wakarekebisha silaha yao wenyewe. Hiyo ndiyo njia. Msafiri mwenye tikiti ya ndege na sikio zuri la muziki hana mamlaka hayo.

Mtumishi wa serikali analielewa jambo hili vizuri. Afisa anayeivunja kanuni kwa sababu yeye binafsi anaona matokeo yatakuwa mazuri, huwafungulia njia wengine kumi ambao nia yao si njema. Mwalimu naye anajua kwamba mwanafunzi aliyepata jibu sahihi kwa kuchungulia hajafaulu. Kususia ni silaha ya watu wasio na mizinga. Nguvu yake yote imo katika jambo moja: kwamba hakuna anayejitoa kwa kujiona yeye ni mwema kuliko wenzake. Kila anayejitoa, hata awe na kipaji gani, humpa mkandamizaji hoja ya kusema kwamba mambo ni shwari.

Ubaguzi ule ulianguka, na mwaka 1994 wananchi wa Afrika Kusini wote walipiga kura. Santuri ingali inasikilizwa, na wanaoipenda wana haki ya kuipenda. Wasichokuwa na haki nacho ni kuufanya utamu wake kuwa hukumu. Ladha ya wimbo huamuliwa na sikio la msikilizaji. Njia ya mapambano huamuliwa na wanaopambana. Anayetaka kuwasaidia wanaoonewa na aanze kwa kubisha hodi kwao, asubiri jibu, ndipo aingie.