Kurekodi Televisheni Ni Kuhifadhi Kumbukumbu

Kwa muda mrefu watu wengi wamezoea kuiona televisheni kama mgeni apitaye njia. Huja kwa saa yake, husema yake, kisha huenda zake. Na yule ambaye hakuwapo nyumbani, au ambaye umeme ulimkatikia, hubaki kusimuliwa na jirani. Mazoea haya yametufanya tuamini kwamba kinachotangazwa hewani hakina budi kupotea hewani. Imani hiyo haina msingi tena. Leo mwalimu au mtumishi wa ofisi mwenye kompyuta ya mapakato, antena na kipokezi kisichozidi ukubwa wa kidole gumba anaweza kuitazama televisheni ya picha za ubora wa juu na, lililo kubwa zaidi, kuirekodi bila kupoteza hata chembe ya ubora wake. Linalobaki ni kujiuliza kama tutakitumia chombo hicho kwa manufaa, na kama haki ya kukitumia itaendelea kuwa mikononi mwa wananchi.

Yafaa kwanza jambo lenyewe lieleweke, maana kitu kisichoeleweka huogopwa bure. Katika televisheni ya zamani picha ilisafiri hewani kama wimbi lililofuata umbo la picha yenyewe, na kila kizuizi njiani kiliacha doa kwenye kioo. Katika televisheni ya dijitali picha hugeuzwa kuwa hesabu, na hesabu hizo ndizo zinazorushwa. Kipokezi kinachochomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta huzipokea kutoka kwenye antena na kuzikabidhi kwa kompyuta. Programu husika huzigeuza tena kuwa picha na sauti, nazo programu za namna hiyo zinapatikana bila malipo.

Picha ya ubora wa juu kamili ina nukta 1,920 kwa upana na mistari 1,080 kwa urefu, yaani zaidi ya nukta milioni mbili. Picha ya kawaida ya dijitali iliyozoeleka katika nchi zinazofuata mfumo wa Ulaya ina nukta 720 kwa 576, ambazo ni kama moja ya tano ya hizo. Kwa mwalimu anayetaka darasa lisome maandishi yaliyo kwenye ramani, au lione mishipa ya jani, tofauti hiyo ni kubwa.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kutazama na kurekodi si kazi moja. Ili kutazama, kompyuta hulazimika kuzifungua hesabu zile na kuchora picha 25 au zaidi kila sekunde, kazi inayoweza kuishinda kompyuta ya zamani. Kurekodi ni kuzipokea tu hesabu kama zilivyokuja na kuziweka kwenye diski. Hivyo kompyuta kuukuu inayokwamakwama katika kuonyesha kipindi inaweza kukirekodi kipindi hicho hicho barabara, kikatazamwe baadaye kwenye kompyuta yenye nguvu. Aidha, nakala inayopatikana ni yale yale yaliyofika kwenye antena. Haifanani na kanda za video za VHS, zilizoanza kuuzwa mwaka 1976, ambazo kila nakala ilikuwa hafifu kuliko ile iliyonakiliwa.

Kuhusu nafasi, hesabu yake si ngumu. Kipindi cha ubora wa juu kinachorushwa kwa kiasi cha megabiti 7 kwa sekunde huchukua gigabaiti 3 na kidogo kwa saa moja. Diski ya gigabaiti 500 hubeba zaidi ya saa 150 za vipindi vya namna hiyo. Nchini Marekani, ambako njia moja ya dijitali hubeba hadi megabiti 19 kwa sekunde, saa moja yaweza kufikia gigabaiti 8 na zaidi. Anayekusudia kurekodi na ajihadhari na diski ndogo zilizopangwa kwa mtindo wa zamani uitwao FAT32, maana mtindo huo haukubali faili kubwa kuliko gigabaiti 4, na kipindi kinaweza kukatika katikati kabla ya mwenyewe kutambua.

Yako mambo mengine mawili ya kuzingatia. Kipokezi hakina budi kulingana na mfumo wa nchi. Kile kilichotengenezwa kwa ajili ya Marekani hakitafanya kazi Afrika Mashariki, ambako mfumo uliofuatwa ni wa jamii ya DVB kutoka Ulaya. Pili, antena ndogo inayouzwa pamoja na kipokezi mara nyingi haitoshi. Televisheni ya dijitali haififii polepole kama ile ya zamani: ama picha ni safi, ama inavunjika vipande vipande na kutoweka. Antena ya juu ya paa iliyoelekezwa kwenye mnara huweza kufanya kazi ambayo fedha nyingi zilizotumiwa kwenye kompyuta haziwezi kuifanya. Lakini mapakato nayo ina faida yake: umeme unapokatika, betri yake huendelea kurekodi.

Baada ya kueleza chombo, tutazame sababu ya kukithamini. Wako wanaodhani kwamba kurekodi si kazi ya mtazamaji, kwa kuwa vituo vyenyewe huhifadhi kila kitu. Historia inasema vinginevyo. Katika miaka ya 1960 na 1970 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilifuta kanda nyingi za vipindi vyake ili zitumiwe tena, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali na hapakuwa na aliyedhani kwamba vipindi hivyo vingetakiwa siku za usoni. Vipindi vingi vya mwanzo vya tamthilia ya Doctor Who vilipotea kwa njia hiyo, na sauti zake zinasikika leo kwa sababu watazamaji walizirekodi majumbani mwao. Hata shirika la anga la Marekani, NASA, lilikiri mwaka 2009 kwamba kanda za awali zilizobeba picha za binadamu akikanyaga mwezini mwaka 1969 yaelekea zilifutwa na kutumiwa tena. Ikiwa taasisi kubwa namna hiyo zilipoteza kumbukumbu nzito namna hiyo, ni nani awezaye kujiaminisha kwamba kipindi cha kilimo, mdahalo wa wanafunzi au mahojiano na mzee wa kijiji vitakuwa salama bila mtu kuvishughulikia?

Kwa upande mwingine, tunaona waliokumbuka. Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville, kilianza tarehe 5 Agosti 1968 kurekodi taarifa za habari za jioni za vituo vikubwa vya Marekani, baada ya kugundulika kwamba vituo vyenyewe havikuwa vikizitunza kwa muda mrefu. Mwaka 1973 kituo cha CBS kilikishitaki chuo hicho. Shauri hilo lilikwisha baada ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 1976 kuzipa maktaba ruhusa ya kurekodi habari. Na katika mji wa Philadelphia alikuwapo Marion Stokes, aliyewahi kuwa mkutubi, ambaye tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi alipofariki Desemba 2012 alirekodi habari za televisheni usiku na mchana. Aliacha kanda zipatazo 70,000. Kuna waliomwona kama mtu wa ajabu. Leo kazi yake ni hazina ya watafiti.

Sasa tugeukie haki. Mwaka 1976 kampuni za filamu za Universal na Disney ziliishitaki kampuni ya Sony, zikidai kwamba mashine ya Betamax iliwasaidia watu kuiba kazi zao. Tarehe 17 Januari 1984 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kwamba mtu anayerekodi kipindi nyumbani ili akitazame kwa saa inayomfaa hatendi kosa. Miongoni mwa ushahidi uliotajwa katika hukumu hiyo ni ule wa Fred Rogers, mtangazaji wa kipindi cha watoto, aliyesema kuwa yeye hakuwa na kinyongo na familia zinazorekodi kipindi chake.

Hata hivyo, mlango uliofunguliwa na mahakama unaweza kufungwa na fundi. Mwaka 2003 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilipitisha kanuni iliyotaka vipokezi vyote vya dijitali vitii alama maalumu ndani ya matangazo, ili kudhibiti nakala. Vipokezi vya kompyuta vinavyotumia programu huria vingekuwa mashakani. Waliokwenda mahakamani kuipinga, pamoja na wengine, ni chama cha wakutubi wa nchi hiyo, na Mei 2005 mahakama ya rufani iliitupa kanuni hiyo kabla haijaanza kutumika. Lakini katika miaka ya karibuni, baada ya kuja mfumo mpya wa utangazaji, baadhi ya vituo vya Marekani vimeanza kuyafunga kwa msimbo hata matangazo yanayotolewa bure. Mtazamaji anabaki na antena ile ile na anga lile lile, lakini ufunguo uko kwa mwingine.

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, kabla ya tarehe ya mwisho ya Juni 2015 iliyowekwa na mapatano ya Geneva ya mwaka 2006. Tangu hapo neno king'amuzi limekuwa la kila nyumba. Tofauti moja haina budi kushikwa: matangazo ya kulipia hufungwa, na kipokezi cha kawaida cha kompyuta hakiwezi kuyafungua, wala hakipaswi kufanywa hivyo kwa hila. Matangazo ya bure ni jambo jingine. Hayo hurushwa katika masafa ambayo ni mali ya umma, na ni haki yaendelee kuwa wazi kwa kipokezi chochote kilicho halali.

Wako watakaosema kwamba kuruhusu watu kurekodi ni kuwafungulia wezi mlango. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa msanii na mtayarishaji wanastahili jasho lao. Lakini anayeirudufu kazi ya mwingine na kuiuza sokoni anajulikana kwa kosa lake, na sheria zipo za kumshughulikia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki iliyotungwa Tanzania mwaka 1999 yenyewe ilitambua kwamba matumizi ya mtu binafsi na matumizi ya kufundishia si sawa na biashara. Kumfunga mikono mwalimu kwa sababu ya mwizi ni kuichoma nyumba kwa sababu ya panya.

Wengine watasema kwamba siku hizi kila kitu kiko kwenye intaneti. Si kila kitu, na si kwa kila mtu. Kipindi cha saa moja kilicho kwenye intaneti humla mtazamaji vifurushi kila anapokitazama, na aliyekiweka anaweza kukiondoa wakati wowote bila kumuuliza mtu. Kilichopokelewa kwa antena hakina gharama ya vifurushi, na kilichorekodiwa kwenye diski ya shule hakiondoki kwa amri ya mtu aliye ng'ambo. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Uviko-19, masomo yalirushwa kwa redio na televisheni katika nchi nyingi, za Afrika Mashariki zikiwemo. Somo lililorushwa mchana mmoja lilimpita mtoto ambaye siku hiyo hakuwa na umeme. Mwenye mapakato yenye chaji angeweza kulirekodi na kulipeleka kwa watoto wa mtaa mzima.

Wala wazo la kufikisha matangazo kwa kikundi si geni. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, wananchi walikusanyika kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakatenda. Tofauti ni kwamba wakati ule kikundi kililazimika kuifuata saa ya redio. Sasa kipindi chaweza kuisubiri saa ya kikundi, kikasimamishwa penye swali, na kikarudiwa pasipoeleweka.

Hivyo basi, hatuna budi kufanya yaliyo katika uwezo wetu. Kila shule yenye kompyuta na ijipatie kipokezi kimoja na antena nzuri, na achaguliwe mwalimu mmoja wa kuandika orodha ya vilivyorekodiwa, yaani jina la kipindi, kituo, tarehe na saa, kwa sababu diski isiyo na orodha ni sawa na ghala lisilo na mlango. Nakala ziwe mbili, nazo zisikae chumba kimoja. Ofisi za elimu za wilaya ziwe mahali pa kubadilishana vipindi vya kufundishia kwa kuzingatia sheria. Na wale waliokabidhiwa dhamana ya kusimamia utangazaji wahakikishe kwamba, mitambo na mifumo itakapobadilika tena, matangazo ya bure hayawekewi kufuli kimyakimya kwa kisingizio cha ufundi.

Taifa hujifunza kwa kurudia yaliyosemwa na kuyapima. Haliwezi kuyapima yale ambayo hakuna aliyeyatunza. Kazi ya kuyatunza ilikuwa ya wenye mitambo mikubwa peke yao. Leo inawezekana juu ya meza ya mwalimu. Tuifanye.