Granada haikuanguka kwa machozi ya Boabdil

Kijana mwenzangu, kile kisa unakijua. Abu Abdillah, yule Boabdil, mfalme wa mwisho wa Granada, anageuka kuutazama mji wake na kulia, mamake anamkaripia. Tunakisambaza kila Januari na picha ya Alhambra. Basi jua kwamba aliyekitia kwenye maandishi ni askofu Mhispania, Antonio de Guevara, miaka mingi baada ya mji kuchukuliwa. Mshindi ndiye anatuhadithia vile tulivyolia, na sisi tunasema mashallah!

Hebu anza mwanzo. Mwaka 1246 Muhammad ibn al-Ahmar, aliyeuasisi ufalme huo, alimkabidhi Fernando III wa Castilla mji wa Jaén, akakubali kuwa chini yake na kumlipa kodi. Miaka miwili baadaye Fernando alipouzingira Sevilla, mji wa Waislamu, wapanda farasi wa Granada walikuwa upande gani? Wa Fernando. Na huyo huyo ibn al-Ahmar ndiye aliyeanzisha ujenzi wa Alhambra ya Wanasri, hiyo unayoiweka kwenye simu yako.

Utaniambia ilikuwa hekima, manake ufalme ulidumu zaidi ya miaka 250. Sawa, ulidumu. Lakini amani ilinunuliwa kwa miji ya ndugu, na tabia hiyo haikuisha. Mwaka 1482 Boabdil alimpindua babake, kisha akagombana na ami yake, al-Zaghal, huku adui akila nchi kipande kwa kipande. Málaga ilizingirwa 1487 kwa miezi, watu wakashikwa na njaa, na Boabdil yuko Granada na mapatano yake na mfalme Fernando wa Aragón mkononi. Hakuwaokoa. Mji ulipoanguka Agosti, wakaazi wake wengi walitiwa utumwani, wanawake na watoto pia. Mbona hao hatuwaposti?

Zamu yake ikafika. Novemba 1491 alitia sahihi mkataba mtamu ajabu: misikiti ibaki, kadhi abaki, hakuna kulazimishwa kubadili dini. Nani angeusimamia? Hakukuwa na mji wa Kiislamu uliobaki Hispania wa kumuuliza Fernando chochote. Mwaka 1499 akaja askofu mkuu Cisneros, watu wakabatizwa kwa nguvu, vitabu vya Kiarabu vikachomwa hadharani. Na 1502 Waislamu wote wa Castilla wakaambiwa wachague: ubatizo au kuhama. Mkataba ulikuwa na miaka kumi na miezi mitatu.