Neno Lirudi kwa Mwenyewe

Ami yangu alifariki Malindi usiku wa Jumatatu, nami nikiwa Mombasa. Binamu yangu mdogo akanipigia simu baada ya sala ya Isha. Laini ilikuwa mbovu na nyuma yake vilio vilikuwa vingi. Akaniambia, "Kaka, ami ametutoka. Maziko ni kesho saa nne."

Mimi nikasikia saa nane. Nikamjibu, "Inna lillahi. Haya, saa nane, inshallah nitakuwapo." Naye akasema, "Inshallah, kaka."

Nilifika Malindi kabla ya adhuhuri, nikijihisi nimewahi. Nikawakuta wanaume wameketi mikekani na jeneza limesharudishwa msikitini. Ami alikuwa chini ya mchanga tangu asubuhi. Binamu yangu aliinamisha uso akasema maneno ambayo sijayasahau: "Nilikusikia ukisema nane, kaka, lakini niliona haya kukukosoa. Nikadhani huenda nimesikia vibaya mimi."

Ndugu wasomaji, sisimulii haya ili kumlaumu kijana. Nayasimulia kwa kuwa kosa hilo hilo limepata kutokea angani, ambako halimalizikii kwenye majuto ya mtu mmoja.

Tarehe 3 Septemba 1974, ndege kubwa aina ya Boeing 747 ya Shirika la British Airways ilikuwa ikiteremka kuelekea uwanja wa Embakasi, Nairobi. Mwongoza ndege aliipa ruhusa ya kushuka hadi futi 7,500. Katika redio tarakimu zilitajwa moja moja: saba, tano, sufuri, sufuri. Lakini waliokuwa ndani ya ndege walielewa tano, sufuri, sufuri, sufuri, yaani futi 5,000.

Hapana budi tukumbuke kwamba kimo hicho hupimwa kutoka usawa wa bahari. Kwetu Mombasa, futi 5,000 ni juu sana angani. Uwanja wa Nairobi wenyewe uko zaidi ya futi 5,300. Kwa hiyo marubani wale walikuwa wakishuka kuelekea mahali palipo chini ya ardhi, kama mtu anayeteremka ngazi gizani akidhani bado iko daraja moja, kumbe miguu imeshafika sakafuni. Ndege ilikuwa imebakiza takriban futi 70 tu kugusa ardhi, na uwanja ungali mbali, ilipopandishwa tena juu. Kwa rehema za Mola wote walisalimika.

Hawakusalimika wale wa Kuala Lumpur. Tarehe 19 Februari 1989, ndege ya mizigo ya kampuni ya Flying Tiger, iliyotoka Singapore, iliambiwa ishuke hadi futi 2,400. Katika Kiingereza neno la "mbili" na neno la "hadi" hutamkwa sawasawa. Mwongoza ndege alisema mbili, nne, sufuri, sufuri. Marubani wakasikia "hadi nne, sufuri, sufuri." Wakarudisha neno kama walivyolisikia: sawa, nne, sufuri, sufuri. Futi 400! Kosa likawa limetamkwa wazi redioni, na upande wa pili hakuna aliyelikamata. Mtambo wa kuonya kwamba ardhi iko karibu ulilia, lakini ndege haikupandishwa kwa wakati. Ikagonga kilima, na watu wote wanne waliokuwamo wakafa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka binamu yangu. Nami nililirudisha neno. Nilisema "saa nane" kwa sauti yangu mwenyewe. Kosa lilipita mlangoni mbele ya macho yetu wawili, na hakuna aliyelishika mkono.

Sheria ya anga ni nyepesi kuieleza. Mwongoza ndege akikupa kimo, ukirudishe kwake kwa kukitamka. Yeye naye akusikilize, na ukikosea akukosoe papo hapo. Wengi hudhani kinga iko katika ule ulimi unaorudisha. Mimi nasema kinga iko katika sikio la yule anayerudishiwa. Akiwa amechoka, au ana haraka, au akisikia kile anachotarajia kusikia badala ya kile kilichosemwa, basi kurudisha huko kunakuwa desturi tupu.

Tena ulimi peke yake hautoshi. Tarehe 12 Novemba 1996, karibu na Delhi, ndege ya Saudia ilikuwa ikipanda kuelekea Saudi Arabia, na ndege ya Kazakhstan ilikuwa ikishuka kuja kutua. Ile ya Saudia iliruhusiwa kufika futi 14,000. Ile ya Kazakhstan iliruhusiwa kushuka hadi futi 15,000 na kubaki hapo. Kati yao ilikuwepo nafasi ya futi 1,000. Lakini ile iliyokuwa ikishuka ilipita chini ya kimo ilichopewa. Aliyekuwa akizungumza na mnara hakuwa rubani aliyeshika usukani, bali mtu wa redio, ambaye hakuwa na kipimo cha kimo mbele yake. Watu 349 waliangamia. Neno lilifika ndani ya ndege, lakini halikufika katika mkono uliokuwa ukiiongoza.

Sasa turudi nyumbani. Baadhi yetu huona kuwa kumrudishia mkubwa maneno yake ni utovu wa adabu, na kumkosoa ni zaidi. Kijana akitumwa na mzee husema "naam, naam" akaondoka, kumbe hakuelewa hata nusu. Tunaiita heshima. Ama kwa hakika hiyo si heshima, ni woga uliovaa kanzu ya heshima.

Sisi watu wa pwani tuna mafunzo bora kuliko hayo. Nani kati yetu hakupita chuoni? Maalim husoma, mtoto hurudisha, na maalim hutega sikio. Herufi ikiponyoka, hurudi nyuma. Hakuna mtoto aliyeambiwa hana adabu kwa kurudisha, wala maalim aliyeona haya kukosoa. Tazama pia akdi ya ndoa. Sheikh hutamka, bwana harusi hujibu, na mashahidi wawili husikiliza. Neno likigugumizwa husemwa tena, hata mbele ya wazee wote wa mtaa, na hakuna anayevunjikiwa heshima. Walioweka utaratibu huo walijua kwamba jambo zito haliachwi juu ya "nadhani nimesikia."

Basi kwa nini adabu hiyo tuiache mlangoni mwa chuo? Ukiambiwa saa ya maziko, irudishe, tena kwa namna nyingine: "Saa nne, yaani asubuhi kabla ya adhuhuri?" Ukipewa dawa ya mtoto, rudisha ni vijiko vingapi na mara ngapi. Na wewe unayerudishiwa, usiseme "inshallah" kabla ya kusikiliza. Kuuliza si ujinga, na kumkosoa mkubwa kwa upole kabla hajapotea ni kumsitiri.

Siku ile alasiri nilikwenda makaburini nikamsalia ami peke yangu, mchanga ukiwa bado mbichi. Binamu yangu alisimama kando akinisubiri. Tangu hapo, kila anaponipigia simu, hakati mpaka aseme, "Kaka, hebu nirudishie." Nami humrudishia, nikanyamaza, nikamngoja aseme kwamba ndivyo.