Watoto wa Bulla Pesa na Hadithi za Daba

Serikali ilipoanza kugawa vishikwambi katika shule za msingi mwaka 2016, wengi wetu tuliamini kwamba darasa la Kenya limeingia zama mpya. Vifaa hivyo vilikuja na masomo yaliyokwisha kutungwa kwingine, na mwanafunzi akabaki mtazamaji kama alivyokuwa mbele ya ubao. Chombo ambacho kingemwezesha kusimulia kikawa kitabu kingine tu, tena chenye kuhitaji umeme.

Tuchukue Bulla Pesa, mtaa wa mji wa Isiolo. Darasa moja la hapo laweza kuwa na Mborana, Msomali, Mturkana, Mmeru na Msamburu. Wangalipo wazee wanaokikumbuka kipindi ambacho Waborana hukiita Daba, yaani vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, wafugaji walipokusanywa kwa amri ya serikali katika kambi kama za Garba Tulla na Merti, mifugo yao ikaangamia. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1966 leo ni mzee wa miaka sabini hivi. Kitabu cha kiada hakiwezi kumweleza mtoto ng'ombe wa babu yake waliishia wapi. Babu aweza, maadamu yu hai.

Basi mwalimu na awatume wanafunzi wake. Simu moja yatosha: warekodi sauti ya nyanya, watafute picha, waandike maelezo kwa Kiswahili, kisha wapange yote kuwa filamu ya dakika tatu. Watakuwa wamesikiliza, wametafsiri na kubishana juu ya neno lipi litangulie. Mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini mwaka 2019, hautaki zaidi ya hayo.

Wapo watakaosema kuwa kuifukua Daba katika mji ambamo jamii zimewahi kumwagana damu ni kuchezea moto. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Hata hivyo, hadithi za uchungu husimuliwa majumbani, kila jamii peke yake, pasipo mwalimu wa kuuliza swali. Afadhali mtoto wa Kiturkana amsikilize nyanya wa mwenzake Mborana darasani, na wa Kiborana vivyo hivyo.

Filamu zisitoke nje ya shule kiholela. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yataka idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Mzee naye aombwe ruhusa, na akisema sehemu fulani isirekodiwe, simu izimwe.